Kazi ya Kudumu

Baba aliacha kazi Ijumaa, na Jumatatu binti yake akamwaga unga. Ingekuwa kinyume chake, nyumba ingestahimili. Lakini mzee alikuwa ameshaweka funguo za lori juu ya meza ya tajiri wake, akamwambia mbele ya wapakiaji wote kwamba yeye si mtoto wa kufokewa, kwamba nyumbani kwake sasa kuna mwanasheria mwenye kazi ya kudumu, na kwamba mchanga wake aupeleke mwenyewe. Wapakiaji walimpigia makofi. Alirudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele, akaisimulia habari hiyo kwa kila aliyekutana naye mtaani kabla hata hajavua viatu.

Binti huyo watu walimwita Wakili. Hakuwa wakili. Alikuwa na shahada ya sheria, lakini hakuwa ameapishwa, na karibu mwaka mzima baada ya kuhitimu alikuwa akigonga milango ya ofisi za mawakili, ambao walimwambia kwa upole kuwa anakaribishwa kujifunza bila malipo. Mmoja alimuuliza kama anajua kuchemsha chai. Jina la Wakili alipewa na mama yake siku alipopokelewa chuoni, na mama huyo ni mshonaji wa sare za shule, kibarazani kwake, njiani kabisa. Neno analolitoa asubuhi, mchana liko mwisho wa mtaa.

Kisha chuo chake mwenyewe kikamwita. Mkuu wa Kitivo cha Sheria alimpigia simu kwa sauti yake nzito akamwambia kuwa kitivo kinaajiri wahitimu wanane, cheo Afisa Utafiti wa Sheria. Mama alipiga vigelegele hadi wateja wakaja kuuliza nani anaolewa. Mkataba ulipotoka, mama aliupeleka kwa fundi wa vioo ukatiwa fremu, ukatundikwa sebuleni karibu na saa, pale ambapo mgeni akiangalia saa hana budi kuuona.

Ofisi yenyewe ilikuwa chini ya maktaba, chumba kisicho na dirisha, na utafiti ulikuwa kufuta vumbi kwenye hukumu za zamani na kuzitia kwenye majalada mapya. Wakili hakulalamika. Mshahara ulikuwa unaingia.

Jumatatu hiyo, saa ya chai, Msajili wa Kitivo alishuka ngazi. Alikuwa mama mpole mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na hakuwahi kushuka huko tangu walipoajiriwa.

"Wanangu, hamjambo? Loh, kuna baridi humu." Alitazama huku na huko kama mtu anayetafuta pa kukaa. "Mkuu anawashukuru sana. Mradi umekamilika."

"Mradi gani, mama?" akauliza Mrefu. Mrefu ndiye aliyeongoza darasa lao zima, na kabla ya kazi hii alikuwa akiuza makava ya simu kwenye kona ya benki.

"Huu wa majalada."

"Hata nusu hatujafika," akasema Koti, dada mmoja aliyepewa jina hilo kwa sababu chumbani humo hakuvua koti kamwe.

"Yatasubiri, mwanangu. Yameshazoea."

Akaweka mezani karatasi nane, kila moja na jina lake. Ziliandikwa kwa lugha tamu. Kila mmoja alikuwa anatamka kwamba ameamua kwa hiari yake mwenyewe, bila kushinikizwa na mtu, kuacha kazi. Atakayesaini atapata barua ya sifa kutoka kwa Mkuu, na Msajili hakuhitaji kuwaeleza barua hiyo ina uzito gani mjini.

Watano walisaini pale pale. Na nani awalaumu? Mtu aliyezunguka na bahasha yake ya vyeti mpaka ikachakaa pembe, ukimwonyesha barua ya mkubwa anaiona kama mlango uliofunguliwa kidogo. Mmoja wao aliomba kabisa aazimwe kalamu.

Wakili naye alishika kalamu. Akaiweka kwenye mstari, akaona mkono wake unangoja. Wiki iliyotangulia watu wawili kutoka Baraza la Vyuo, linalokagua vyuo vyote, walikuwa wameshuka ngazi hizo hizo. Walimuuliza kila mmoja: umeajiriwa? Kazi ya muda au ya kudumu? Inahitaji shahada ya sheria? Wakaweka alama, wakashukuru, wakapanda. Siku mbili baadaye bango kubwa likatundikwa mbele ya maktaba, nyuso zao wanane zikicheka, na chini yake maandishi mekundu: *Tisini na sita kati ya kila mia ya wahitimu wetu wana ajira.* Walikuwa wamepigana picha chini ya bango hilo kwa furaha, wajinga wakubwa wao. Sasa aliielewa ile kazi. Hawakuajiriwa kupanga majalada. Waliajiriwa kuhesabiwa, na hesabu ilikuwa imekwisha.

Uso ulimwaka kwa hasira hadi masikio.

"Mama, naomba nikaisome nyumbani."

"Karatasi moja hiyo, mwanangu?"

"Mkuu alitufundisha tusisaini kitu siku ile ile tunayoletewa."

Koti akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Mrefu akasita, akawaangalia wale watano, akaichukua na ya kwake.

*

Alipofika nyumbani mama alikuwa anampima mtoto mmoja kaptula, mama wa mtoto amekaa kwenye kiti cha wateja.

"Wakili! Mapema leo?" yule mteja akasema. "Ndiyo raha ya wakubwa, mnatoka mnapotaka."

"Ndiyo, shangazi," akajibu Wakili, akapita.

Baba alikuwa mlangoni anapaka rangi. Mtu aliyeendesha lori miaka yote hiyo, akipewa siku tatu za kupumzika, anaanza kutafuta cha kurekebisha. Nusu ya mlango ilikuwa kijani tayari, na nusu ya baba pia. Alikuwa anapiga mluzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Usiguse hapo, mbichi. Nilikuwa namwambia mama yako, ukipata mshahara wa mwezi huu tutafute na rangi ya madirisha."

Wakili aliingia ndani akakaa, akasubiri mteja aondoke, akasubiri mama aingie na mkebe wake wa pini, akasubiri baba aoshe mikono. Mdogo wake, binti aliyemaliza shule mwaka huo na ambaye alikuwa ameshajaza kwamba anataka kusomea sheria kwenye chuo kile kile, alileta chai. Ndipo akawaambia yote.

"Wote, au wewe tu?" baba akauliza.

"Wote wanane."

"Mmefanya kosa gani?"

"Hatujafanya kosa, baba."

"Mtu hafukuzwi bila kosa." Baba alisema hivyo, halafu akakumbuka kuwa yeye mwenyewe alikuwa na dereva mwenzake aliyefukuzwa kwa kukohoa. Akajifuta vidole na kitambaa, kimoja baada ya kingine, ingawa rangi ilikuwa imeshakauka. "Haya. Kesho nitakwenda kwa tajiri. Nitaongea naye. Tunaelewana."

Hakuna mtu ndani ya nyumba ile asiyejua kama wanaelewana.

"Baba Wakili, si juzi tu umemtolea maneno?" mama akasema.

"Maneno ni maneno."

Mama akageuka kwa binti yake. Sauti ilishuka, ile sauti yake ya kubembelezea wateja wanaochelewa kuchukua sare. "Saini, mwanangu. Saini uchukue hiyo barua. Hawa ni wakubwa, utapambana nao na nini? Ukiwa na barua ya Mkuu unaingia popote."

"Mama, barua itasema mimi ni mfanyakazi mzuri sana, nina kazi ya kudumu, nikaiacha kwa hiari yangu baada ya mishahara miwili. Wewe ungeniajiri?"

Mama alifikiri. "Ningekuuliza kwanza kama una akili timamu."

"Sasa je."

"Na mimi?" mdogo wake akasema. "Si mlisema Jumamosi tunakwenda wote Siku ya Wazazi, nikaonyeshwe madarasa? Mimi nilishawaambia wenzangu dada yangu yuko kwenye bango."

Neno hilo la bango lilimgusa Wakili pabaya. Akasimama, akaenda ukutani, akaitoa fremu kwenye msumari.

"Utavunja kioo!" mama akapiga kelele.

Hakuvunja. Aliipindua, akatoa vijipini vya nyuma, akauchomoa mkataba, akausoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, pale pale amesimama. Mkataba haukuwa na tarehe ya mwisho. Haukuwa na muda wa majaribio. Kumwachisha kazi kulihitaji sababu iliyoandikwa, mfanyakazi asikilizwe, na notisi ya miezi mitatu. Alikuwa ameusoma siku ya kwanza akadhani ni ukarimu. Sasa aliusoma kama alivyofundishwa kusoma, akijiuliza kila neno limewekwa kwa faida ya nani.

"Mwaka jana Baraza liliwashika chuoni," akasema taratibu, kama anajisimulia mwenyewe. "Walimhesabu yule kaka anayeuza viatu vya mitumba, wakaandika mshauri wa biashara. Baraza likasema sasa hatuhesabu kibarua, hatuhesabu ya muda, hatuhesabu aliye kwenye majaribio. Tunahesabu kazi ya kudumu tu." Akakaa. "Ndiyo maana wakatuandikia hivi. Wametupa kazi ya kweli ili wapate kusema uongo."

"Kwa hiyo?" mama akauliza.

"Kwa hiyo nina kazi, mama. Wao ndio wamesahau."

Mama aliitazama fremu tupu, kisha akamtazama binti yake. "Mwenzio naogopa," akasema.

"Hata mimi naogopa."

*

Mkuu wa Kitivo aliwapokea kesho yake yeye, Mrefu na Koti. Ofisi ilikuwa na zulia lililomeza viatu, na viti viwili kwa wageni watatu. Koti alibaki wima.

"Mnanisikitisha," Mkuu akaanza, bila hasira, akitabasamu kidogo. Alikuwa mtu wa kupendeza, hata waliofeli somo lake walimpenda. "Niliwaona mnahangaika mitaani, nikawaita. Nimewalipa kwa kufuta vumbi. Semeni kweli, nani mwingine katika mji huu angewalipa?"

Swali lilimchoma Wakili kwa sababu jibu lake alilijua vizuri, alilijua kwa miguu.

"Hakuna, Profesa," akasema. "Ndiyo maana hatuondoki."

Mrefu akakohoa. Mkuu akaondoa tabasamu.

"Sote tulijua nia ya mradi. Ulikuwa msaada wa muda."

"Mwaka wa kwanza, somo la Mikataba, siku ya pili. Ulisimama ukasema mkataba haumwulizi mtu nia yake, unasoma maneno yake. Tukaandika. Mimi nililipigia mstari." Akautoa mkataba, akauweka juu ya meza. "Maneno yanasema ya kudumu. Na Baraza wameambiwa ya kudumu. Kama si ya kudumu, basi tuandikie, Profesa, karatasi moja tu, inayosema tumeachishwa na kwa sababu gani. Tutaondoka leo hii tukiwa nayo."

Karatasi hiyo, wote wanne walijua, ingefika Baraza kabla ya jua kuzama.

"Umesoma vizuri," akasema Mkuu. "Basi jifunze na hili. Siku utakapoomba kuapishwa, kamati itaniuliza mimi kuhusu mwenendo wako. Wewe, na hawa wenzako. Watataka neno langu moja tu. Fikiri vizuri kabla hujanitafutia neno hilo."

Kuapishwa huko ndiko alikokusomea Wakili. Jina ambalo mtaa ulimpa kabla ya wakati lingebaki jina la utani mpaka uzeeni, na kila atakayemwita Wakili atakuwa anamkebehi bila kujua. Alitamani kusema samahani. Neno lilifika mdomoni.

"Basi uwaambie ukweli, Profesa," akasema. "Uwaambie nilikataa kuacha kazi."

"Chumba kitafungwa leo."

"Na sisi kesho tutakuja kazini."

Walipotoka kwenye korido Mrefu aliegemea ukuta. "Wewe dada," akasema, "umetuzika." Halafu akaanza kucheka, na Koti naye akacheka, wakacheka mpaka katibu akatoka kuwaangalia.

Jioni aliporudi, aliwakuta mama na mdogo wake wanamtazama baba. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, suruali imeloa hadi magotini.

"Vipi, baba? Umeonana naye?"

"Nimeonana naye vizuri tu. Lori kampa kijana mmoja. Kijana mzuri, lakini gia anazikwaruza." Baba alikunja suruali. "Lori lilikuwa chafu. Nikaona nilioshe."

Mama akamletea maji ya moto ya kuoga, akayaweka karibu naye kwa uangalifu kama anavyowekewa mgonjwa. Wakili aliingia chumbani akalia kwa hasira, mdomo ndani ya mto, na alipomaliza akapiga pasi shati la kazini.

*

Kufuli jipya liliwekwa kwenye mlango wa chini. Jumatano wote watatu walifika saa ya kazi, wakakaa kwenye ngazi mbele yake, vitambulisho shingoni. Msafishaji alipita na ndoo, akawaomba radhi, akamwaga maji hata hivyo. Wanafunzi waliwaruka wakielekea maktaba. Wengine walipunguza sauti walipowakaribia, kama watu wanaopita penye msiba.

Mchana mlinzi mkuu wa chuo alitumwa awatoe. Alikuja na kirungu kwapani, akavisoma vitambulisho, akajikuna kisogo.

"Nyinyi si wafanyakazi?"

"Ni wafanyakazi."

"Mmeachishwa?"

"Hatujaandikiwa."

"Mimi nimeambiwa kwa mdomo niwatoe," mlinzi akasema. "Mdomo siuwezi. Juzi juzi nilimtoa mwalimu mmoja kwa mdomo, ikageuka kesi, nikaachwa peke yangu. Nikiletewa karatasi nitawatoa, na msinichukie." Akarudi juu kuomba karatasi. Hakuonekana tena wiki nzima.

Mrefu alivumilia siku moja. Siku ya pili alifika na begi la makava ya simu. "Naenda kwenye kona yangu," akasema bila kuwatazama. "Tumbo langu halijasoma sheria." Koti alimwambia aende salama. Wakili aligeuza uso, na baadaye akajutia hilo.

Walibaki wawili. Cha ajabu ni kwamba kazi ilianza kuwajia. Mwanafunzi mmoja aliuliza habari za hukumu fulani ya ardhi, Wakili akaikumbuka ilipo, jalada lipi, rafu ipi, akamsimulia yote kwa kichwa. Kesho yake wakaja watatu. Wakawa wanauliza, na wale wawili wakawa wanajibu, wakiandikia mapajani. Walipokuwa na ofisi hawakuwahi kufanya utafiti hata mmoja, na sasa hawakupata nafasi ya kunywa maji.

Ijumaa, akiwa katikati ya kueleza, aliona wanafunzi wanapisha njia. Baba yake alikuwa anakuja, na kile kiti cha wateja cha mama amekibeba begani, bado ana rangi ya kijani nyuma ya sikio. Alikiweka kwenye kipandio cha juu cha ngazi, akakitikisa kuona kama kimetulia.

"Baba! Umetoka nacho nyumbani kwa miguu?"

"Mfanyakazi wa kudumu hakai chini." Alisema kwa sauti kubwa, makusudi. Halafu akainama, akashusha sauti. "Kwa tajiri sirudi. Nilikwenda tena jana, akanipa kitambaa nimfutie na gari la mkewe. Nimemrudishia kitambaa chake. Kwa hiyo na wewe usisaini, tafadhali. Mmoja wetu akae kazini."

Akaondoka bila kungoja jibu. Wakili alikaa kwenye kiti. Koti akakaa upande mmoja wa ngazi, wakawa wanapokezana.

*

Jumamosi chuo kilipambwa. Mahema yalisimamishwa kwenye nyasi, spika zikaletwa, na wazazi wakaja na watoto wao, akina baba wamevaa makoti ya harusi, akina mama wameshika mikoba kwa mikono miwili. Wageni wa heshima walikuwa na viti vyao vya mbele, na miongoni mwao alikaa mmoja wa wale wawili wa Baraza. Baada ya hotuba, Mkuu mwenyewe aliwaongoza wazazi kuzunguka majengo, kipaza sauti mkononi. Mgeni wa Baraza alifuata karibu naye.

Msajili alikuwa ametumwa awaombe wale wawili wakae mbali siku hiyo moja. Alikuja, akawaambia, kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Nimefikisha ujumbe. Kiti hicho kizuri," akaenda zake.

Bango lilikuwa juu ya mlango wa maktaba. Ngazi za chini zilikuwa pembeni yake, haziwezi kufichika. Msafara ulipofika, Mkuu aliinua mkono kuonyesha maandishi mekundu, akaanza kueleza habari ya tisini na sita kati ya mia. Macho ya wazazi yalipanda kwenye bango, yakashuka, yakakuta kiti.

Mzee mmoja aliyemshika mkono binti yake ndiye aliyesogea. Aliangalia juu, akaangalia chini, akaangalia tena juu.

"Mwanangu, si wewe huyu wa pili kutoka kushoto?"

"Shikamoo. Ni mimi."

"Na huyu mwenye koti?"

"Ni yeye."

"Mnafanya kazi gani?"

"Maafisa Utafiti wa Sheria, mzee wangu. Hapa hapa kitivoni."

"Hapa kwenye ngazi?"

"Ofisi iko chini hapo. Imefungwa kufuli tangu Jumanne."

"Kwa nini?"

Wakili alisimama. Hakuwa amepanga hotuba. Alikuwa na usingizi, na shati limekunjamana. "Hilo mumwulize mwajiri wetu," akasema. "Ndiye huyo mwenye kipaza sauti."

Vichwa vyote vikageuka. Umati ulinyamaza ule unyamavu wa watu wanaolipa karo. Mgeni wa Baraza alikuwa amevua miwani, anaifuta taratibu. Nyuma ya umati mtu mrefu kuliko wote, mwenye begi la makava ya simu, alikuwa anajipenyeza mbele, kitambulisho anakitoa mfukoni anakivaa shingoni huku anatembea. Alifika, akasimama upande wa pili wa kiti.

Mkuu alicheka kidogo kwenye kipaza sauti. "Ah, hawa vijana wetu," akasema. Akaishia hapo. Wakili alimwona anavyotafuta njia, na kwa mara ya kwanza alimwona kama mtu wa kawaida aliyejitia kitanzi kwa mkono wake. Akisema si wafanyakazi, bango linaanguka, na wazazi wanaondoka na watoto wao mkono kwa mkono. Akisema ni wafanyakazi, basi amejifunga mbele ya Baraza, na kufuli lazima lifunguliwe.

"Hawa ni wafanyakazi wetu," akasema.

"Wa muda au wa kudumu, Profesa?" akauliza Wakili. Aliuliza kwa heshima kabisa, kama mwanafunzi darasani.

Mkuu alimtazama. Wakili alilielewa jicho lile. Neno lake kwa kamati lilikuwa bado liko pale pale, na siku moja lingetoka. Akaliacha lije. Siku hiyo atakuwa na la kwake la kusema, na mashahidi umati mzima.

"Wa kudumu," akasema Mkuu, na kipaza sauti alikuwa amekishusha hadi tumboni.

"Huku nyuma hatujasikia!"

Sauti ilitoka mbali, mwisho kabisa wa umati, sauti iliyozoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Mama alikuwa amesimama juu ya ukingo wa bustani ya maua, viatu mkononi, mdogo mtu ubavuni mwake, baba amemshika kiuno asianguke. "Samahani, mheshimiwa!" akaita tena. "Tumetoka mbali! Umesema wa nini?"

Watu wakacheka. Mzee mwenye binti yake akasema, "Kweli, rudia, na wengine wasikie."

Mkuu akainua kipaza sauti mpaka mdomoni, akarudia. Msajili alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, ufunguo mkononi.